Kiboko Anasalimia Kunde

"Masikio yapo?"
"Yapo!"
"Yameoshwa?"
"Kidogo!"
"Basi pokeeni."

Hapo kale alikuwepo Fuko, mdogo kama ngumi, mwenye watoto sita na kibaba kimoja cha mbegu za kunde. Chakula kingine hana. Zisipoota hizo, watoto wanakufa njaa.

Akaja Kiboko, tumbo mbele, yeye nyuma.

"We Fuko! Lete kunde nitafune."

"Shikamoo babu. Tukizila leo ni tonge moja. Tukizipanda ni shamba zima."

Kiboko akameza mate, gubu! "Mbegu inataka nini?"

"Udongo laini."

Kiboko akalima kwa meno, tifu! tifu!

"Inataka nini tena?"

"Jua."

Kiboko akaangusha vichaka, kacha! kacha!

"Tena?"

"Mbolea."

Kiboko akageuka, akapiga mkia, pwata! pwata! Msicheke, ndivyo afanyavyo mpaka leo.

"Tena?"

"Maji."

Akajaza mdomo mtoni, akarudi, mwaa!

Kisha akagawa mbegu: kwake tisa, kwa Fuko moja, kwake tisa, kwa Fuko moja. Wakapanda, kila mtu upande wake. Kiboko akachomeka masale katikati, ile mimea ya mpaka, akanguruma bonde zima lisikie: "Kila mtu ale kwake! Atakayevuka masale alaaniwe yeye na ukoo wake!"

"Sawa babu. Ila zako nyingi, zinataka heshima. Kila asubuhi zifukue moja moja, uzijulie hali, uzifukie."

Basi kila asubuhi Kiboko akafukua: "Umeamkaje?" Akafukia. Akafukua: "Umeamkaje?" Akafukia. Vimizizi vikakatika, kunde zikaoza.

Fuko hakufukua. Alingoja tu, kazi ngumu hiyo kwa mwenye njaa. Siku ya tano, chomo! Majani mawili. Mwezi wa pili, maganda tele. Watoto sita wakashiba, wakalala chali.

Kiboko akasimama kwake, mate yanachuruzika. Kuvuka alitaka, lakini laana ni ya kinywa chake, na bonde zima lilisikia.

"Fuko! Mbona zangu zimekataa? Nilizisalimia kwa adabu!"

"Nilikusikia babu. Labda hazikupenda sauti yako."

Yangu yamekwisha, anayetaka zaidi akaombe kwa jirani. Funzo lake: adabu nyingi huleta njaa. Kwa hiyo kesho asubuhi msinisalimie mimi, wala mahindi yangu. Aliyeyafukua jana namjua.