Neno la Siri la Bwana Mwaluko

Bwana Mwaluko, mwenye kiwanda kidogo cha magodoro mjini Njombe, alikataa wafanyakazi wake wafundishwe kujikinga na matapeli wa mtandaoni.

"Nani atanitapeli mimi?" alimwambia karani wake, Sekela. "Lipate neno la siri la kompyuta yangu kabla ya chakula cha mchana, nitakubali. Ukishindwa, tafuta kazi kwingine."

Muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, Sekela akarudi kichwa chini. "Nimeshindwa, bosi. Nilijaribu jina la mama watoto, likakataa. Nikajaribu la jogoo wako, likakataa pia."

Bwana Mwaluko akacheka mpaka kiti kikalia. "Hungelipata ng'o. Ni jina nililoitwa utotoni, Kibogoyo."

"Bila namba mwishoni?"

"Namba za nini? Kibogoyo tu."

"Asante, bosi," Sekela akasema. "Mafunzo ni kesho. Wewe utakaa mbele."