Turubai la Fundi Nandonde

Mashine iliyofunikwa ina fundi mmoja.

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwenye kongano letu huisikia methali hii kabla hawajakabidhiwa hata nyundo. Jana wawili waliniuliza imetoka wapi, wakidhani ni ya wahenga. Si ya wahenga. Ina miaka minne tu, na aliyeisema mara ya kwanza bado anafua majembe kwenye kibanda cha tatu kutoka getini. Methali hii ilianza hivi, na ilianza na jambo dogo sana: ungo wangu wa Jumatatu ulikuwa na korosho nzima nyingi kuliko ungo wangu wa Ijumaa.

Kongano letu ni uwanja mmoja uliozungukwa na vibanda, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Wilaya iliwakusanya hapa watu wa kazi mbalimbali: wahunzi, wachomeleaji, maseremala, na sisi wanawake ishirini na wawili wa kubangua korosho. Chumba kimoja walipewa watu wa utafiti wa kilimo. Siku ya ufunguzi tuliambiwa tumewekwa jirani ili akili zetu zikutane na tubuni vitu vipya. Tulipiga makofi. Kisha kila mtu akaingia kwake akafunga mlango. Kwa mwaka mzima tulijua kwamba kongano maana yake ni kuwa na choo kimoja na mita moja ya umeme.

Sisi tulikuwa na banda kubwa kuliko wote. Kazi yetu ilikuwa ya mikono. Anayejua korosho anajua kwamba ganda lake lina mafuta yanayounguza, na hata ukipaka majivu, vidole huchunika. Tulikuwa tunabangua polepole, na wilaya ikachoka kutungoja. Ikaja barua. Ilisema kwamba ifikapo siku ya ukaguzi, tuwe na mashine inayotoa korosho nzima sabini katika kila mia. La sivyo banda litafanywa ghala la korosho ghafi, zile zinazopakiwa na kusafirishwa na maganda yake zikabanguliwe nchi za watu. Wanawake ishirini na wawili wangerudi nyumbani, na wengi wetu nyumbani hakukuwa na kitu kingine.

Fundi Nandonde akajitolea kuitengeneza mashine hiyo. Alikuwa mchomeleaji, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi, na cheti chake kilining'inia ukutani ndani ya fremu. Lakini alikuwa na donda moyoni. Miaka miwili nyuma alibuni jiko la kuokea mikate. Mtu akaja, akasimama mlangoni kwake akinywa soda, akalitazama jiko mpaka soda ikaisha. Baada ya miezi mitatu mtu huyo alionekana kwenye televisheni akilionyesha jiko hilo kuwa ni lake. Baada ya hapo Nandonde alinunua turubai la bluu. Kila alichokitengeneza alikizungushia turubai hilo, akalifunga kwa kamba, naye akafanya kazi humo ndani kama mtu anayeoga.

Mwezi ulipoisha mashine ilikuwa tayari inazunguka, lakini ilikuwa inavunja. Korosho zilitoka vipande vipande. Nandonde akabadilisha kisu. Zikavunjika. Akabadilisha tena, mara sita alibadilisha, na kila mara tulisikia jiwe la kunolea likilia chini ya turubai.

Zilizobanguliwa zililetwa kwenye meza yangu. Mimi nilikuwa mchambuaji: nzima huku, nusu huku, chenga kule. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu haihitaji kuongea na mtu. Ndipo nilipoona lile jambo dogo. Ijumaa, katika kila mia, nzima zilikuwa thelathini. Jumatano vilevile. Jumatatu zilikuwa karibu sitini.

Nilizishika. Za Ijumaa zilikuwa laini, zilijipinda kidogo vidoleni kama haragwe lililoiva. Za Jumatatu zilikuwa kavu na zenye nguvu. Nikajua. Korosho za Ijumaa hazikuwa zimelala.

Kwetu korosho ikitoka kwenye mvuke hulazwa. Humwagwa sakafuni, ikatandazwa, ikaachwa mpaka kesho yake. Mama zetu walifanya hivyo nasi tunafanya hivyo, na asubuhi tukikutana, kabla ya kuulizana habari za watoto tunaulizana, "Zimelala?" Mwanamke yeyote wa banda angemwambia Nandonde jambo hilo. Lakini yeye alikuja na ndoo zake wakati tukiwa tumekwenda kula, akachota za moto kutoka kwenye pipa la mvuke, akatokomea chini ya turubai. Tulidhani anazilaza mwenyewe humo ndani. Yeye alidhani hakuna la kujua. Jumatatu tu ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa Jumamosi tuliacha pipa limejaa, Jumapili hapakuwa na kazi, na korosho zikapumzika bila mtu kukusudia.

Siku zikaenda. Wanawake wakaanza kuvunjika moyo. Mmoja akaondoka, kisha wa pili, na mwishowe walikuwa wanne, wakisema afadhali watangulie kutafuta pengine kuliko kungoja kufukuzwa.

Zilipobaki siku kumi na mbili, nikafanya kitu. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kusema. Mimi niliishia darasa la nne, na hata nikinunua chumvi dukani huonyesha kwa kidole. Nilichukua nyungo mbili, moja ya Jumatatu na moja ya Ijumaa, nikaziandikia kwa chaki, nikainua ncha ya turubai nikazisukumia ndani. Nikarudi mezani kwangu nikainama.

Saa nne asubuhi Nandonde akatoka akiwa amebeba nyungo hizo.

"Nani ameingia kwenye turubai langu?"

Nyundo zikasimama uwanja mzima.

"Nauliza kwa heshima. Nani?" Akamgeukia Mzee Chiwaya, mhunzi, ambaye kibanda chake kilipakana na chake. "Mzee, wewe ndiye jirani yangu. Wewe ndiye unayesikia kila ninachofanya."

"Mimi?" Mzee Chiwaya akaweka koleo chini. "Magoti yangu yananigomea kuchuchumaa chooni, nije nitambae chini ya turubai lako?"

Watu wakacheka. Nandonde hakucheka. "Jiko langu liliibwa hivihivi, Mzee. Kwa macho."

"Basi kamfunike aliyeliiba. Usinifunike mimi."

"Sitaki mzaha. Kama wewe umetumwa na mtu, sema. Leo hii ama utatoka wewe kwenye kongano hili, ama nitatoka mimi na mashine yangu."

Hapo kicheko kikaisha. Mwenyekiti wetu, Bi Esha Chipendeka, akatoka bandani akiwa na majivu mikononi. "Fundi, zimebaki siku kumi na mbili. Wewe unatafuta mwizi, sisi tunatafuta pa kukaa. Ukiondoka na mashine tutawaonyesha nini hao wakaguzi? Turubai?"

"Bi Esha, mtu ameingia!"

Nilimtazama Mzee Chiwaya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelala magotini kama vitu visivyo vyake. Alikuwa amefua chuma tangu kabla hatujazaliwa, na sasa aliitwa mwizi kwa ajili ya nyungo zangu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia.

"Ni mimi, fundi," nikasema tena, kisha kwa woga nikaongeza, "shikamoo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Nandonde alijikuta ameitikia, "Marahaba."

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu," Mzee Chiwaya akaniambia. "Masikio yetu yamezeekea kwenye nyundo."

Nikanyoosha kidole kwenye ungo wa kwanza. "Hizi zimelala." Nikanyoosha kwenye wa pili. "Hizi hazijalala."

Nandonde akanitazama, akautazama ungo. "Korosho inalala?"

Bi Esha akajipiga paja. "Mama yangu! Fundi, kumbe unazibangua za moto?"

"Hakuna aliyeniambia!"

"Tungekuambia saa ngapi? Ukichota, sisi tuko kwenye ugali. Ukirudi, uko ndani ya shuka lako. Tungeliambia turubai?"

Ndipo Mzee Chiwaya alipoinuka, akimshikilia mtu bega kwa ajili ya magoti, akasema taratibu, bila hasira:

"Nandonde, mwanangu. Mashine iliyofunikwa ina fundi mmoja. Na huyo fundi mmoja, hata awe hodari namna gani, hajawahi kuchemsha korosho."

Nandonde akaziweka nyungo chini, akaanza kufungua kamba. Alikuwa ameifunga kwa mafundo mengi. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa tulielewa kwamba hiyo ilikuwa kazi yake peke yake. Turubai lilipoanguka tukaiona mashine kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani, na nzuri. Alilikunja turubai akaliweka pembeni, akasema, "Haya. Karibuni."

Tukalaza korosho siku ile. Kesho yake, dada mmoja wa utafiti wa kilimo, Tekla Mkwinda, akaja na kifaa chake cha kupima unyevu. Alituambia kwamba korosho ya moto ina maji, kiini kimevimba na kimeshikamana na ganda. Ikilala, kiini hupungua na kuachana na ganda, ndiyo maana kisu hakikiumizi. Bi Esha akamwuliza, "Kwa hiyo mama zetu walikuwa sahihi?" Tekla akasema, "Walikuwa sahihi. Ila walisema 'mpaka kesho', na mimi naweza kukwambia ni saa ngapi." Wakakaa pamoja juma zima, mmoja na kifaa, mwingine na vidole vyake, wakabishana na kuandika.

Mashine ikatoa nzima sitini na moja. Ilikuwa bado.

Safari hii, kwa kuwa mashine ilikuwa uwanjani, Mzee Chiwaya aliweza kuvuta kigoda akaisikiliza. Alisikiliza mpaka tukadhani amesinzia. "Kisu chako hakina huruma," alimwambia Nandonde. "Korosho kubwa kinaipiga sawa na ndogo. Mimi nikifua, mkono unajua kurudi." Akaenda akang'oa springi chini ya kiti cha baiskeli yake mwenyewe, akaipasha moto, akainyoosha, akampa. Nandonde akaifunga nyuma ya kisu. Kwa siku tatu mzee alienda nyumbani kwa miguu, akilalamika njia nzima.

Siku ya ukaguzi watu wa wilaya walitandika mkeka katikati ya uwanja, wakahesabu mbele yetu, mia baada ya mia. Mara ya kwanza zilitoka sabini na nne. Mara ya pili sabini na tisa. Mkaguzi aliuliza mashine hii imebuniwa na nani, ili aandike jina. Nandonde, ambaye jina lake tu ndilo alilokuwa akililinda kwa turubai, akakuna kichwa akasema, "Andika kongano."

Banda lipo mpaka leo. Sasa mtu akikwama, hutoa kazi yake nje akaiweka pale katikati, akaendelea na mambo mengine, na anayepita huigusa. Tumepata hivyo kikaushio cha muhogo, na pampu ambayo ilikuwa imewashinda watu wawili. Na ile hofu ya Nandonde haikuwa ya bure. Mwaka uliofuata tulisikia kwamba mtu wa Masasi ametengeneza mashine inayofanana na yake. Nandonde alipanda basi akaenda kuitazama. Aliporudi akasema, "Mdomo wake wa kumiminia ni mpana kuliko wangu," akaenda kupanua wa kwetu.

Vijana wakiisikia hadithi hii humtazama Nandonde na kutabasamu, naye hutabasamu pia. Mimi hunisifu. Husema Zaituni aliona, Zaituni akasema. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliona lini. Wanadhani niliona juma lile lile.

Niliona Jumatatu ya kwanza kabisa. Nilishika korosho zile nikajua, nikakaa nazo majuma sita. Katika juma la nne, Bi Somoe, aliyekuwa akikaa mkabala na meza yangu, aliaga akiwa na mzigo kichwani, kwamba banda limekufa na anakwenda kulima ufuta kwa ndugu zake Kilwa. Nilimsindikiza mpaka getini. Hajarudi.

Mashine iliyofunikwa ina fundi mmoja. Bi Somoe, siku ile nilipokushikia mzigo ukafunga viatu, nilikuwa najua.