Kitufe cha Tunu

Nipeni masikio kwanza, midomo mtaitumia baadaye. Mtaa mmoja ulikuwa na watu watatu wenye vipawa. Nyanjige alikuwa na jicho: kosa lililojificha kwenye tovuti aliliona kabla ya wengine. Masalu alikuwa na vidole: ulilomweleza alilitengeneza papo hapo. Luhende alikuwa na nguvu, basi.

Tunu, mke wa Luhende, alizaliwa bubu na shule hakupelekwa. Sauti yake ilikuwa kitufe chekundu ambacho Masalu alikiweka kwenye tovuti ya sungusungu, walinzi wa mtaa. Ukikibonyeza, walinzi wanaonyeshwa nyumba yako.

Mchana mmoja majambazi wakaingia na mapanga. Walimchinja muuza mkaa njiani, kisha wakaanza kupasua mlango wa Tunu, naye alikuwa karibu kujifungua. Akabonyeza. Alama ya kijani ikatokea, yaani kengele imetoka, lakini hakuja mtu. Kengele ililia ofisini na kwenye simu za walinzi bila kutaja nyumba, na sungusungu hawakai kitako kengele ikilia. Walikimbilia nyumba iliyovamiwa mara ya mwisho, ng'ambo ya reli.

Nyanjige akabaki ofisini na Masalu, akachungulia jinsi simu ya Tunu ilivyowasiliana na tovuti. Akaona simu inaiuliza seva, kompyuta inayoendesha tovuti, nyumba iko wapi, na kabla jibu halijarudi, kengele imeshaondoka mikono mitupu.

"Masalu, kengele yako haingoji jibu," alisema.

Masalu aliona aibu, maana kosa lilikuwa lake. Vidole vyake vikaandika: kengele isitoke mpaka jibu lifike. Aliyefungua ukurasa upya ndiye angepata marekebisho hayo.

Kule nyumbani, Luhende alikuwa ameshikilia komeo la mlango. Panga likapenya kwenye mbao, likamkata mkono mmoja ukaanguka, naye akasukuma mlango kwa bega. Damu ilimrukia Tunu usoni, simu ikamponyoka ikazimika. Akaiwasha, akafungua ukurasa upya, akabonyeza. Safari hii alama ilichelewa, naye akakata tamaa kabisa. Kumbe kengele ilikuwa inangoja. Jibu likaja, kengele ikataja nyumba, sungusungu wakafika na marungu, na majambazi wakafia uani.

Mtoto akazaliwa salama. Desturi ya mtaa ule ni kwamba mtoto aliyeokolewa tumboni hupewa jina la mwokozi wake, na mama humkabidhi mikononi mwa mtu huyo. Nyanjige alisema bila yeye kosa lisingejulikana. Masalu akajibu kwamba kuliona kosa hakukumwita mlinzi yeyote.

"Ule muda wa kungoja jibu," akasema Luhende, "niliulipa mimi."

Tunu akamwinua mtoto. Mikono mitano ikanyooshwa mbele yake.

Je, wewe ungemweka mtoto kwenye mikono ya nani?