Nyani Aliyekalia Kitabu

Hadithi njoo.

— Njoo, na uwongo wako begani.

Utamu je?

— Ukolee kuliko sukari ya kuazima.

Basi tulieni. Hadithi hii wengine huisimulia vibaya, wakamtia Sungura mahali asipokuwapo. Sungura siku hizo alikuwa kwa wakwe zake, anakula pilau. Mimi nawapa ile yenyewe, haijachanganywa maji.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana vitabu vilikwisha kuwapo, walikuja wageni porini kupiga picha tembo. Walipovunja kambi wakasahau kitabu juu ya jiwe. Riwaya nene, jalada la kijani, jina lake *Kifo Ndani ya Kichupa*. Humo mlikuwa na profesa mmoja mbaya, Profesa Zimbe, aliyefuga ugonjwa ndani ya kichupa kama mtu afugavyo kuku. Akawa anautafuta mji mkubwa wenye kisima kikubwa, aumimine humo, watu wafe wote, naye awatawale. Atawatawala vipi wakiwa wamekufa, kitabu hakikusema. Msomi huyo.

Aliyekiona kwanza kitabu ni Nyani dume. Kifua kama mlango, meno kama majembe, na tumbo lisilojua neno "basi". Kusoma hakujua hata herufi ya kwanza. Lakini kukalia alijua. Akakikalia kitabu, pu. Akatangaza kwamba atakaye kusoma alete kapu la chakula.

Digidigi akaleta kapu la mtama, akasoma. Kobe akaleta kapu la viazi, akasoma. Nungunungu akaleta kapu la mihogo, akasoma. Na kila aliyekirudisha, Nyani alikikalia tena, pu, akamwamuru atoe maoni. Huyo alitoa maoni, na Nyani aliyameza. Akija mwingine, Nyani alimtemea yale yale kana kwamba ni yake. "Sura ya katikati imelegea kidogo," alisema, akijikuna. Wajinga wakasema kumbe Nyani msomaji.

Sasa katika hao waliosoma alikuwamo Bi Buku. Huyu ni panya buku, mfupi, mashavu makubwa ya kubebea nafaka, na watoto chungu nzima. Jina lake lilimpa kiburi. Alisema watu wa pwani kitabu hukiita buku, kwa hiyo kila kitabu duniani ni ndugu yake wa damu. Alitoa kapu lake zima la karanga, akasoma mpaka jalada la nyuma, akarudi amenuna. Nyani alipomtaka maoni alisema riwaya ni tamu, mwandishi anajua kumkimbiza mtu, lakini ana dharau. Maradhi yakizuka, nani kayaleta? Panya. Profesa kapewa jina, mke wa profesa kapewa jina, hata paka wa profesa kapewa jina. Panya kapewa ugonjwa tu.

Nyani akacheka, kwa-kwa-kwa, akamwambia aondoke na uchafu wake.

Kiangazi kikaingia. Na kile hakikuwa kiangazi cha mchezo. Mtama ukaisha, viazi vikaisha, mihogo ikaisha. Chakula chote cha pori kilikuwa ndani ya pango la Nyani, kimepangwa mpaka darini, na Nyani amekaa mlangoni juu ya kitabu, anatafuna. Watoto wa Bi Buku wakatafuna mizizi, kru kru kru. Mizizi ikaisha. Wakaanza kutazamana mikia.

Bi Buku akamwendea Nyani kwa adabu zote. Akamwita Bwana Mkubwa, akamwita Mzee Wangu, akamwomba amrudishie walau nusu ya karanga zake, watoto wasife.

"Karanga zako ulizisoma, Bi Buku," Nyani akasema. "Ulizisoma zikaisha. Sasa wazidai za nini?"

Akatema ganda miguuni pake.

Bi Buku akageuka. Alirudi njia nzima kimya. Na panya buku akinyamaza, ndugu zangu, jua mashavuni mna kitu.

Kesho yake alirudi kwa Nyani, uso umechanua. Alimwambia wanyama wote wanamsifu. Wanasema porini hapa hapana mhakiki kama yeye, ila jambo moja linampunguzia heshima. Wahakiki wakubwa hawakusanyi maoni kwa rejareja. Huwaita wasomaji wote asubuhi moja, wakasema mbele yao, nao wakakata shauri.

Nyani aliuliza mhakiki hula nini. Bi Buku akajibu kwamba hula kwanza, kabla ya wote. Shauri likakubaliwa hapo hapo.

Basi wakaja. Nyani kajaa juu ya kitabu, kifua mbele. Bi Buku kakaa karibu naye kama karani. Kwa wenzake hakuwa amesema neno ila moja, kwamba kila mtu aseme kweli yake.

Digidigi akaanza. Alisema alipofika pale profesa anapoinama kisimani, moyo ulimwenda mbio, tii tii tii, akadhani chui kaingia.

Bi Buku akarudi nyuma kidogo.

Nungunungu akafuata. Alisema miiba yote ilimsimama tangu sura ya kwanza, na mumewe alilala nje.

Bi Buku akarudi nyuma tena, akachuma jani, akaziba pua.

Bundi alisema usingizi ulimkimbia mchana kutwa, macho makavu kama mbegu. Kobe, ambaye tangu aanguliwe hajasema uwongo kwa kuwa uwongo unataka haraka, alisema mwandishi anakwenda mbio mno, ila sura ya katikati imelegea kidogo, na jasho lilimtoka mpaka likajaa gambani. Punda Milia alitaka kujua kwa nini kitabu kinene vile hakina punda hata mmoja. Akaambiwa akae.

Na Bi Buku kwa kila mmoja akazidi kurudi nyuma, hata akafika mbali na jani lake puani.

Nyani akamwona. Akamuuliza anakwenda wapi na mkutano haujaisha.

"Bwana Mkubwa," Bi Buku akasema, "hayo unayaita maoni? Moyo mbio, jasho, usingizi hakuna, nywele wima. Hizo ni dalili."

Nyani akaacha kutafuna.

Bi Buku akaeleza kwa huruma. Kile kichupa cha Profesa Zimbe kinapasuka katika sura ya mwisho, pwaa, kila msomaji aliyefika huko ni shahidi. Wasomaji wakaitikia kwamba ndiyo, kinapasuka, tena inasikitisha. Sasa, kitu kikipasuka ndani ya kitabu, na kitabu kimekaliwa juu, kitavujia wapi? Kitavujia juu. Na kilichovuja si kitu kidogo. Ni kirusi.

Nyani akapumua. "Kirusi? Mimi sikijui Kirusi. Nakijua Kiswahili peke yake."

"Ndiyo maana kimekuingia," akasema Bi Buku. "Kilibisha hodi, hukukielewa."

Nyani akaruka kutoka juu ya kitabu kama aliyekalia siafu. Lakini si mpumbavu mzima, ana upande wenye akili. Akamrukia Bi Buku, akamkamata mkia, akamninginiza kichwa chini. Akamuuliza, kama ni maradhi, mbona hao waliosoma wamesimama hapo wazima? Aseme upesi, la sivyo ataliwa pamoja na mashavu yake.

Damu ilimshuka Bi Buku kichwani. Aliwafikiria watoto wake. Akasema polepole, kwa kuwa sauti ikitetemeka uwongo humwagika:

"Wamepona, Bwana Mkubwa. Umewasikia mwenyewe wakijitibu. Dawa yake ni maoni. Aliyesoma akitoa maoni yake, ugonjwa humtoka kinywani. Wote wametoa. Toa na wewe yako, nawe utapona, na mimi unile."

Nyani akafungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena, akasema sura ya katikati imelegea kidogo.

"Hayo yangu," akasema Kobe.

Akasema moyo ulimwenda mbio.

Digidigi akasema kwa unyenyekevu kwamba hayo nayo yana mwenyewe, yalikwisha kutumika.

Nyani akatafuta tumboni, akatafuta kichwani, hakupata oni moja la kwake. Na moyo wake sasa, tii tii tii. Na jasho, cho cho cho. Na manyoya ya shingo, wima. Akayaona yote. Mkono ukalegea, Bi Buku akaanguka chini, pu.

Akasikika Nyani akiuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikulingana na kifua, dalili ya mwisho ni ipi.

Bi Buku akakifungua kitabu, akakuna kidevu, akasoma mstari ambao haukuwamo. "Hapa pameandikwa: *alipokaa, hapo huwa pekundu.*"

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Walikuwa na maana yao ya hekima, lakini na hii ya kawaida ni kweli. Nyani aligeuka kulia kujitazama, kundu likageuka naye. Akageuka kushoto, likamkimbia. Akazunguka kama mbwa na mkia wake, vumbi likatimka, hakuona kitu. Akainama mbele ya Digidigi, akamwomba amwambie.

"Pekundu, Bwana Mkubwa."

Akainama mbele ya Nungunungu. Pekundu. Akainama mbele ya Bundi, ambaye mchana haoni vizuri, na Bundi naye akasema hata yeye anapaona. Mwishowe akamwinamia Kobe, asiyesema uwongo.

Kobe akatazama kwa muda wake. "Pekundu kama pilipili iliyoiva," akasema. "Tena tangu nikujue."

"Umesikia?" akasema Bi Buku. "Ugonjwa umekomaa."

Nyani akaingia pangoni mbio, akatoka na kapu kila mkono na jingine kinywani. Bi Buku hakumzuia. Alimwambia achukue, tena achukue vyote, maana chakula kilicholala chumba kimoja na kichupa hakimfai mtu mwingine. Makapu yakadondoka, pu, pu, pu. Nyani akatimka, msitu ukavunjika, kacha kacha kacha, akajitupa mtoni, chubwi, akaibukia ng'ambo, wala hakugeuka. Hata angegeuka asingepaona.

Wanyama waliobaki wakasimama. Nungunungu alikuwa analia, akauliza kama yeye amepona kweli, maana miiba yake bado imesimama. Bi Buku hakuwa na nafasi ya kujibu. Alikwisha kuingia pangoni, na alipotoka mashavu yake yalikuwa mapana kuliko mlango, mbele karanga, nyuma karanga. Watoto wake walikula mpaka wakalala na maganda midomoni. Kila mnyama akachukua kapu lake. Punda Milia, ambaye hakuwa ameleta lolote, akachukua pia, akasema ni fidia ya kutotajwa.

Hadithi imefika kwake, mimi nabaki kwangu. Ikiwa tamu, ni ulimi wangu. Ikiwa chungu, kanaweni masikio.

Na funzo lake, maana najua mtaniuliza, ni hili: wanangu, msisome vitabu. Waliokisoma kile waliingiwa na jasho, wakakosa usingizi, wakafukuza waume zao. Aliyekikalia tu, bila kusoma hata neno, yuko ng'ambo ya mto mpaka leo, mzima, ananenepa.