Mtamba wa Wakwe

"Filimbi haijalia, usichinje." Ndivyo nilivyomwambia Mpinga, naye akacheka, na nyinyi wenzake mkamsaidia kucheka. Kijana mzima, mechi aliyobetia bado inachezwa kwenye simu, tayari anatuma mtu akamletee chipsi kuku kwa pesa ambayo hajaishika! Sasa mnaniuliza, "Shangazi, methali hiyo umeitoa wapi?" Mnadhani methali zote zimeachwa na watu wa kale? Hii hata Mpinga ameizidi umri. Ilizaliwa papa hapa, nyumbani kwa baba yenu mkubwa, Kitundu, na chanzo chake ni hiki.

Baba yetu alipofariki, Kitundu ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba. Mdogo wetu wa mwisho, Msengi, akampenda Perusi, binti wa Mzee Mkumbo wa ng'ambo ya mto. Posa ikakubaliwa. Wakwe wakaja zizini, wakachagua mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Hapa kwetu, wakwe wakishamgusa ng'ombe mgongoni, huyo ni wao. Anabaki kwako kama mgeni, unamtunza bandani, humpeleki malishoni asije akaumizwa na wenzake, mpaka siku watakapokuja na kamba yao wenyewe kumchukua. Msengi alimkatia majani kila asubuhi na kumwimbia, sisi tukawa tunamcheka.

Kitundu naye alikuwa ameanza kubeti. Pale sokoni palikuwa na kibanda cha kazi hiyo, na binti aliyekaa pale, Eliwaza, alimweleza vizuri, nami nasikia kwa masikio yangu.

"Baba, ukiweka mechi moja moja, kila moja inajitegemea. Ukizifunga pamoja, huo ni mkeka. Mkeka unalipa sana, lakini mechi moja ikiharibika, wote umechanika."

Kitundu akapunga mkono. "Wewe binti, mpira nimeujua hujazaliwa."

Akafunga mechi tano pamoja. Sikio la kufa, wanangu, halisikii dawa.

Jumamosi hiyo mechi nne ziliisha vizuri, kila moja ikapata rangi ya kijani kwenye simu yake na neno "imeshinda." Ya tano iliandikwa "inaendelea," timu yake ikiongoza kwa mabao mawili. Basi! Kitundu akatoka nje anapiga vigelegele, mwanamume na ndevu zake. Akaita majirani. Akaagiza kisu. Mbuzi na ng'ombe wote walikuwa malishoni, aliyekuwepo nyumbani ni yule mgeni wa wakwe peke yake.

"Kaka, mechi haijaisha," nikamwambia.

"Hata ikiharibika hiyo, nne si ninazo? Ukivuna magunia matano ya alizeti, panya wakala moja, hayo manne unayatupa?"

"Lakini yule binti alisema..."

"Binti, binti! Jumatatu nakwenda mnadani, nanunua mtamba mkubwa kuliko huyu. Wakwe watanishukuru."

Ubishi wa kaka yangu ungekuwa unauzwa, tungekuwa na nyumba ya ghorofa. Nikaingia ndani nikajifungia kwa hasira, wakamchinja.

Msengi hakuwepo. Alikuwa amekwenda mjini kumnunulia mama mkwe blanketi. Aliporudi akakuta moshi, watu na vicheko. Kitundu akampa kipande cha ini kilichochomwa.

"Sherehe ya nini, kaka?"

"Kula kwanza."

Akala. Tena akasifu, akasema nyama ni laini. Kisha akachukua majani yake akaenda bandani kumlisha mtamba. Aliporudi, majani yalikuwa bado mkononi. Alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Na Kitundu hata hakumwona, macho yalikuwa kwenye simu. Timu pinzani ilikuwa imerudisha bao moja, na dakika za mwisho kabisa ikarudisha la pili. Mkeka mzima ukageuka mwekundu, "imepoteza." Akampigia Eliwaza simu mbele ya watu wote, mafuta ya nyama bado yako mdomoni.

"Nilipe basi za zile nne!"

"Baba, hakuna za nne. Ulizifunga mwenyewe."

Majirani wakanawa mikono, mmoja mmoja wakaondoka.

Siku ilipofika, Mzee Mkumbo akaja na kamba mpya begani. "Yuko wapi mgeni wetu?"

Weeh! Kitundu akaanza kueleza. Akaeleza mechi, akaeleza yale mabao, akamlaumu hata refa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Chagua mwingine, mkwe," Kitundu akamalizia. "Chagua hata wawili."

"Ng'ombe hata mimi ninao," Mzee akasema. "Wetu tulikuachia umtunze, nawe ukamla. Filimbi haijalia, Kitundu, tayari umechinja? Na binti yangu nikimwacha humu ndani, mtamtunza vipi?"

Akakunja kamba yake, akaondoka. Msengi akamfuata anamsihi mpaka mtoni, akarudi peke yake. Mwaka uliofuata Perusi akaolewa kwingine. Lile blanketi nimelitunza mimi, kwa sababu Msengi hakutaka kuliona.

Mnamwona baba yenu mdogo, Msengi, kwenye sherehe, nyama ya ng'ombe ikipita anasogeza sahani, anaomba mlenda. Mmekuwa mkisema ana matatizo ya tumbo. Tumbo lake halina neno.

Kwa hiyo Mpinga, mrudishe huyo uliyemtuma chipsi, na usinikunjie uso. Filimbi haijalia, usichinje.