Kifua cha Sokoni Hakishuki Mlima

"Kifua cha sokoni hakishuki mlima." Ndivyo alivyowaambia yule mama muuza maziwa alipowakuta mkinyanyua vyuma nyuma ya mashine ya kusaga, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Kaeni. Na wewe, Elinaja, vaa shati kwanza, hapa hakuna wa kukutazama. Methali hiyo mnayoichekea ilianza hivi, na siku ilipoanza hakuna aliyecheka.

Miaka hiyo barabara iliishia bondeni. Huku juu Mbaghai hapakufika gari, na mgonjwa akizidiwa alishushwa kwa machela: miti miwili mirefu, kitanda cha kamba kikining'inia katikati, na wanaume wanne mabegani. Palikuwa na desturi. Mti wa mbele, upande wa kulia, ulishikwa na ndugu wa mgonjwa, wa kuzaliwa naye tumbo moja, au mwanawe wa kumzaa. Kwenye mteremko uzito wote humwendea wa mbele, na wazee walisema mtu baki akichoka anaweza kuutupa mti, lakini ndugu hawezi kumtupa ndugu yake. Wakaridhika na maneno hayo.

Nakijwa alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yake Senkondo. Alipopata mimba ya pili, mkunga alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. Uzazi wa kwanza ulikuwa umemtesa, mtoto akapotea. "Huyu hatazalia hapa," mkunga akasema. "Siku ikifika, mshusheni hospitali mapema. Mwambieni kaka yake ajiandae." Miezi ilikuwa bado mingi. Senkondo aliambiwa mbele ya mama yake, akaapa kwamba dada yake atashuka kama yai kwenye pamba.

Na kweli alianza mazoezi. Hapo hamwezi kumlaumu. Alichukua bomba la chuma, akajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, akayachomeka huku na huku. Lakini alikwenda kuyaweka wapi? Sokoni! Karibu na bucha, mahali ambapo kila mtu anapita. Akalala chali kwenye benchi, akasukuma bomba juu ya kifua, watu wakasimama. Siku ya soko iliyofuata walikuwa wengi zaidi. "Ongeza kopo, Senkondo!" Naye akaongeza. Nakuambieni, watu wale walimvisha kilemba cha ukoka, na yeye akakivaa akakikaza.

Akiongeza kopo, mikono ilimtetemeka, basi akawa anasukuma nusu tu na kuinua kiuno kutoka kwenye benchi ili bomba lifike juu. Wakapiga makofi vilevile. Wangejuaje? Walikuja kununua nyama. Akawa anasukuma asubuhi, anasukuma jioni, kesho tena, bega linamuuma anajipaka mafuta ya taa na kuendelea. Chakula alikila akikumbuka, maana kutwa yuko sokoni. Kifua kikavimba, shati likakataa vifungo. Miguu ikabaki ile ile.

Nakijwa aliiona miguu hiyo. Jioni moja kaka yake alipokuja kumsalimia, alimtazama kuanzia juu hadi chini, akamwambia kwa utani, "Kaka, juu umejenga ghorofa, chini umeweka fito."

Senkondo akacheka. "Miguu si inatembea yenyewe kila siku? Hayo si mazoezi?"

Nakijwa naye akacheka, lakini usiku ule mkono wake ulikaa juu ya tumbo muda mrefu. Alimpenda kaka yake, na alitaka sana kumwamini.

Aliyekuwa mkuu wa wabebaji aliitwa Kajiru, mtu mkavu, mfupi, asiyependa maneno. Alimfuata Senkondo hukohuko sokoni, akangoja makofi yaishe.

"Acha hilo bomba, mwanangu. Njoo tushuke na gunia la mchanga. Dogo kwanza. Tushuke hadi kwenye mawe ya Mafiga, polepole, goti likunjike na linyooke. Kesho yake upumzike, ule ushibe, ulale. Ukilizoea ndipo tuongeze."

"Gunia dogo?" Senkondo akasema, akiwatazama waliosimama. "Mzee wangu, unataka watu wanicheke?"

Wakacheka, ndiyo, ila walimcheka Kajiru. Mmoja akapaza sauti, "Mzee ana wivu!" Yule mzee akageuka akaondoka. Senkondo alimwendea mara moja tu, alfajiri moja, akabeba gunia akashuka nusu ya njia. Kesho yake mapaja yakamuuma hata kuchuchumaa hawezi, akasema mazoezi yale ni mabaya, yanaharibu miguu. Hakurudi. Lo! Kinachokuonyesha ulipo dhaifu ndicho unachokikimbia?

Siku ikafika, na ilikuwa siku ya soko. Uchungu ulimshika Nakijwa kabla ya jua kuchomoza, na mkunga akasema wasikawie. Machela ikaletwa. Senkondo akavua shati, akashika mti wa mbele kulia, Kajiru kushoto, vijana wawili nyuma. Walipopita sokoni watu wakaacha biashara, wakawafuata. Wakapiga makofi! Mwanamke analia kwa uchungu juu ya kamba, wao wanapiga makofi, "Senkondo! Senkondo!" Mimi hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Pale juu ambapo ni tambarare, alikwenda vizuri. Kisha njia ikaanza kushuka. Nakijwa alikuwa amelazwa miguu mbele, kwa hiyo alimwona kaka yake kwa nyuma: shingo nene, mgongo mpana, na chini yake magoti. Aliona magoti yakianza kucheza. Mwanzo kidogo, halafu kila hatua.

"Kaka, tupumzike," akasema.

"Bado," akajibu, kwa sababu watu walikuwa nyuma.

"Senkondo, tuweke chini!" Kajiru akaamuru.

"Nimesema bado!"

Walikuwa wamefika Mafiga, penye yale mawe matatu, ambapo njia inashuka kwa ngazi za udongo. Senkondo akashusha mguu ngazi ya kwanza, ukashika. Ngazi ya pili goti likakunjika na halikunyooka tena. Akaanguka kwa magoti, mti ukamponyoka, machela ikalala upande wa kulia, na Nakijwa akatoka kwenye kamba akapiga nyonga kwenye jiwe.

Makofi yakanyamaza. Kisha mtu mmoja kati ya wale wale, aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote, akasema, "Kumbe si kitu!" Na wengine wakaguna, "Aibu gani hii!"

Nakijwa alisikia. Maumivu ya nyonga na ya uchungu yalikuwa yamekutana, lakini hasira ilimpanda ikayapita yote. Akajiinua kwa kiwiko.

"Nyie!" akawaambia. "Nyie mliomwongezea makopo! Aibu ni yake peke yake? Njooni basi mshike huu mti. Njoo wewe uliyesema mzee ana wivu!"

Wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Hata mmoja!

"Dada, nisamehe, ngoja nijaribu tena," Senkondo akasema, machozi yanamtoka.

"Usijaribu! Mimi si kopo la zege. Kaka, kifua cha sokoni hakishuki mlima. Mpishe mkeo."

Mke wa Senkondo aliitwa Namsemba. Alikuwa amefuata akibeba kikapu cha nguo za mtoto. Kila wiki mwanamke huyo alishusha mikungu ya ndizi kwa mgongo hadi bondeni kwa njia ile ile, miaka yote, na hakuna aliyempigia kofi hata moja. Akaweka kikapu chini.

Kajiru akasita. "Mti wa mbele ni wa ndugu wa damu. Na mwanamke hajawahi kuushika."

"Mzee Kajiru," Nakijwa akasema, "desturi ndiyo itakayonizalia mtoto?"

Kajiru akainama akampandisha kwenye kamba. Namsemba akatandika kanga begani, akaingia chini ya mti. Akashuka akikunja goti na kulinyoosha, taratibu, na penye kupumzika alisema "Tupumzike," wakapumzika. Senkondo alishuka nyuma yao na kikapu cha nguo za mtoto.

Mtoto alizaliwa salama jioni ile, wa kike. Lakini nyonga ya Nakijwa haikupona sawasawa. Alichechemea mpaka uzeeni, na hospitali walisema ni lile jiwe.

Senkondo hakulala tena kwenye benchi la sokoni. Alimwendea Kajiru akaomba gunia dogo, dogo kuliko yote, naye Kajiru akampa bila kumsema. Watu wa sokoni walimcheka, kama mlivyocheka ninyi leo. Miaka ikapita, na mama yao alipougua, Senkondo alishika mti wa mbele kulia, akamshusha hadi bondeni bila kuyumba. Hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

Na lile bomba? Kabla mtoto wa Nakijwa hajaanza kutembea, kijana mwingine alilichukua, akalala kwenye benchi, watu wakakusanyika, "Ongeza kopo!" Siku moja Nakijwa akapita hapo na mtoto mgongoni, akichechemea. Akasimama. Akawatazama mmoja mmoja. Kijana akarudisha bomba chini, na waliokuwa wakipiga makofi wakakumbuka kwamba walikuja kununua nyama.

Yule mama muuza maziwa mliyemcheka leo, mmeona anavyotembea? Ndiye aliyekuwa kwenye kamba. Kesho mkimwona, mpokeeni ndoo mumshushie hadi bondeni, na msikimbie. Mkifika na magoti yenu yanacheza, mtakuwa mmeelewa: kifua cha sokoni hakishuki mlima.