Nani Atampeleka Orwa

Mtu akijikwaa kidole, hukifunga kitambaa na baada ya wiki anakanyaga vizuri. Akikosea neno, hajui litapona lini. Elkana Odera, mkulima wa karibu na Sirari, alilijua hilo akiwa amechelewa.

Nyumba yake ilikuwa na watoto tisa. Mkewe, Felistas, alikuwa mpole. Mtoto akikosa alimwita kando, wakachambua mboga pamoja, na kosa likaishia hapo hapo. Elkana alifoka mbele za watu, na jioni alikuwa ameshasahau. Wanawe hawakusahau. Hata habari zao alizipata kwa kutega sikio wakizungumza na mama yao.

Siku moja ng'ombe wawili walipotea malishoni. Elkana akamgeukia kifungua mimba wake, Orwa, mbele ya wageni.

"Siku ukihama hapa kujenga mji wako, tafuta baba mwingine akupeleke."

Kwa Wajaluo huo si mzaha. Kijana haanzishi mji, yaani boma lake mwenyewe, peke yake. Baba hutangulia njiani, naye hufuata na jogoo na shoka. Baba mdogo hushika nafasi hiyo ikiwa tu baba yuko kaburini. Felistas alimsihi mumewe aifute kauli ile. Elkana akasema mtoto hasusi milele. Kesho yake Orwa alivuka mpaka, akaenda Migori kwa baba yake mdogo.

Miaka saba ikapita. Elkana alitamani sana kumwona mwanawe, lakini hakumpigia simu, aliona haya. Aliposikia kwamba Orwa amepata kiwanja huko Migori, alinunua shoka jipya, akalitia mpini mwenyewe, akangoja kuitwa.

Simu ilikuja kwa Felistas, kama kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mumewe taratibu kwamba Orwa alihamia mji wake jana, baba mdogo akitangulia.

Elkana aliomba simu.

"Orwa, mwanangu, mbona mimi ni mzima?"

"Shikamoo baba," Orwa alijibu bila hasira. "Nilifanya ulivyoniambia."

Elkana alimrudishia mkewe simu, akaketi chini, akalia mbele ya watoto waliobaki. Mji haufunguliwi mara mbili. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.